Barua kwa Saumu: habari za mbwa wako, na za babako kidogo

Mwanangu Saumu,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo, mamako hajambo, nawe twakuombea uzima huko Nairobi. Nimeona niandike kwa sababu kwa simu huniachi nikamaliza. Nikisema, "Leo jua lilikuwa kali," wewe, "Nero amekunywa maji?" Haya basi, nakuhadithia siku nzima. Mbwa mwanzo, mengine yafuate.

Kaskazi imelegea. Joto la Malindi mwezi huu walijua, usiku nimehamia barazani na mkeka wangu. Nero hulala hatua tatu hivi kutoka nilipo, si karibu si mbali, kama aliyepimiwa. Mwadhini wa alfajiri akianza tu, huinua pua juu akalia naye mpaka mwisho. Jirani aliniambia ati mbwa akilia hivyo ameona shetani. Nikamjibu, basi shetani huyo ana saa nzuri, hachelewi hata siku moja.

Nikisha kusali navaa kile kikoi cha bluu kilichochakaa. Siku hizi ndicho kikoi cha mbwa, hakiingii msikitini wala hakitundikwi pamoja na kanzu. Pua yake mbichi ikinigusa naosha mara 7, moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa chuo cha Kurani. Ule mkebe wa udongo uliouchekea ungali pale pale kando ya mfereji. Mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake, hilo sikulikataa hata siku ulipomleta. Nilichokataa ni kelele, na nywele kwenye mkeka wangu.

Leo tulitoka hata jua halijachomoza, tukashuka kutoka mtaani kwetu Barani, tukavuka barabara ya Lamu kabla tuktuk hazijajaa, mpaka ufuoni. Maji ya bamvua yalikuwa yakitoka. Tukapita nyuma ya ile hoteli niliyopikia. Zamani zangu mgeni akiinuka kitini, hatua chache tu maji yashamfika magotini. Leo kutoka ukuta ule ule hadi majini ni safari, na katikati pana vilima vya mchanga vilivyoota majani. Kazi ya mto Sabaki hiyo. Mvua zikinyesha bara, unashuka na udongo wao, bahari yageuka rangi ya chai ya maziwa, na tope likitua ufuo wazidi kusogea mbele. Nimepika pale miaka mingi nikiona bahari ikinihama, nikidhani ni macho yangu.

Nero hayo hayamhusu. Kwake ni uwanja tu, akimbize kaa mpaka wamwishie mashimoni. Nikimwita "njoo" hanijui. Nikisema "vieni", masikio yasimama, huyo aja mbio. Wavuvi wameshanipa jina, mimi sasa ni Mzee Mtaliano. Nami Kitaliano changu ni cha jikoni, cha vitunguu na chumvi, sikujua kitanifaa uzeeni kwa mbwa. Na yule Mtaliano aliyetuachia mbwa huyu alikuwa mtu wa mzaha. Nero kwao ni "mweusi", na mbwa mwenyewe ana rangi ya hamri lililoiva.

Nimetaja mahamri, basi niseme. Yule mama wa pale njiani aliniuliza leo, "Mzee, mbona siku hizi wapita tu? Nimekukosea?" Nikamwambia mbwa anivuta. Ni uongo. Mwezi wa kumi na moja nilipimwa hospitalini, sukari ikaonekana imepanda. Daktari akasema nitembee dakika 30 kila siku, na mahamri na chai ya sukari nivipe mkono wa kwaheri. Sikukwambia, na mamako nilimkataza. Kila uliponiambia, "Ahsante baba kwa kumtembeza Nero," nilikuwa naona haya huku, maana sijui nani amtembeza nani. Usinipigie ukilia. Nilipopimwa mara ya mwisho ilikuwa imeshuka, na vidonge nameza. Mbaazi za nazi mamako hunipimia kwa upawa mdogo, ananiona mtoto.

Kurudi nyumbani nilishika reki. Mkilifi wamwaga majani kama uliolipwa, ukifagia huku ukageuka, nyuma pashajaa. Nikakusanya, nikawasha moshi kidogo wa kufukuza mbu, nikaingia kwenye ua wa makuti uliotoboka. Hapo ndipo nikamwona Nero nyuma ya kisima, mkia juu, achimba. Nikapaza sauti. Hakusikia. Nikapaza kwa Kitaliano. Hakusikia vilevile.

Alikuwa amelipasua lile gogo la mnazi ulioanguka mwaka juzi, ambalo kila siku nasema nitaliondoa. Limeoza, laini kama keki. Ndani yake, mwanangu, mafunza meupe, manene kama kidole gumba changu, yamejikunja mfano wa pete, kichwa chekundu cheusi hivi. Nikaliokota moja, likajipinda kiganjani, baridi. Nikatazama juu ya ule mnazi wa kisimani. Makuti yake machanga yamekatika pembe pembe kana kwamba fundi amepitisha mkasi. Chonga! Yule mdudu mwenye pembe hutaga humu kwenye mti uliooza, watoto wake wakishakua huruka juu wakatoboa kilele, na makuti yakifunguka huwa yameshakatwa. Miezi nimelaumu kiangazi, na adui nimemfuga mwenyewe hatua 10 kutoka mlangoni.

Tulifanya kazi mpaka adhuhuri, yeye achimba, mimi natoa. Kuku wa mamako walikula wakashindwa kutembea. Gogo lililobaki nimelikatakata kwa shoka na kulichoma. Mkwezi atakuja kesho aangalie kileleni. Mgongo waniuma, sikufichi, maana leo nimeshaamua kutoficha.

Mchana hatutoki. Lami ya saa nane ukiiwekea nyuma ya kiganja huwezi kustahimili, na yeye hana ndara. Baada ya alasiri tulizunguka mtaani tu. Watoto wa jirani bado humkimbia, nami siwalaumu, mbwa wasiojulikana wako wengi. Nilimwonyesha mama yao kadi ya sindano ya kichaa ya mwaka huu, nikamwambia na mengine. Akiumwa mtoto na mbwa yeyote, hata huyu wangu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku ile ile, wasingoje kuona.

Sasa magharibi imepita. Amelala langoni, uso barabarani. Kila tuktuk ikipunguza mwendo ainua kichwa, ikipita akirudisha. Mamako amemwekea wali na vichwa vya samaki, ambao zamani alikuwa akimtupia kwa mbali.

Ukija Idi niletee viatu vya kutembelea, namba 42, vyenye soli nene, ndara hizi zimelika upande mmoja. Na mkanda wake wa shingo umembana, mletee mwingine. Lakini pesa zikipungua, kwanza viatu.

Babako