Ambulensi ina king'ora, nyuma kuna nani?

Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) hapa Pwani, mwaka wa 14 sasa. Kila ambulensi mpya zinapozinduliwa tunaonyeshwa magari yaliyopangwa mstari na utepe ukikatwa. Sijaona tukionyeshwa watu watakaokaa nyuma na mgonjwa.

Mtungi wa oksijeni wa kubebeka, ule wa lita 680, mgonjwa akivuta lita 10 kwa dakika humalizika kwa dakika 68. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi. Ukitoka na mtungi mmoja, hata Mtwapa hujafika umekwisha. Nimewahi kukwama kwenye foleni usiku, jicho kwenye mshale wa mtungi, mkono ukibinya mfuko wa kumpulizia hewa kijana mmoja. Mama yake alimshika kidole gumba cha mguu njia nzima. Tulikokwenda hakuna aliyekuwa amepigiwa simu, tukakaa mlangoni karibu saa nzima. Alfajiri haikumkuta.

Si jambo geni. Oktoba 2015 majeruhi wa ajali alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha ICU, akafa. Na kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Wagonjwa walio hoi kuliko hao husafirishwa wakafika. Hospitali ya Glenfield, mjini Leicester, Uingereza, timu ndiyo humfuata mgonjwa. Huenda na mashine ya ECMO, inayoshika kazi ya mapafu, na ya moyo ikibidi. Damu hutoka mshipani kwa mpira mnene karibu kama kidole, ikiwa nyeusi nyeusi, hupita kwenye pafu la bandia, na hurudi mwilini nyekundu kabisa. Akiihitaji, humwunganisha palepale alipolazwa, humngoja atulie, ndipo huondoka naye. Pampu ikizimika njiani, kuna mkono wa kuizungushia, na ndani ya gari yumo aliyefunzwa kuuzungusha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa katika wagonjwa waliopangiwa kupelekwa huko, asilimia 63 walikuwa hai bila ulemavu mkubwa baada ya miezi sita. Wa hospitali nyingine walikuwa asilimia 47. Robo hivi ya hao wa Glenfield hata hiyo ECMO hawakuwekewa! Kwangu hilo ndilo funzo kubwa: wapo waliopona kwa kufikishwa salama mikononi mwa wajuzi.

Siombi ECMO kila kaunti. Naomba fedha za dharura chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) zimlipie mhudumu aliyefunzwa kumsindikiza mgonjwa kama zinavyolipia kitanda. Kaunti zetu za Pwani ziwe na nambari moja ya simu, yenye mtu anayejua ICU ipi ina nafasi usiku huu. Mgonjwa asitolewe wodini kabla anayempokea hajasema kwa kinywa chake, "Mleteni, kitanda kipo." Oksijeni ihesabiwe ya safari mara mbili, na ufunguo wa mtungi ufungwe kwa kamba kwenye mtungi wenyewe, maana nimeutafuta gizani chini ya kiti, gari likienda mbio.

Muuguzi,
Mombasa