Anayesahau alichotumwa hana kiburi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nizungumzie jambo linalotuumiza wengi tunaoishi na ndugu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Mdogo wangu ameugua kwa miaka tisa sasa. Sauti alizokuwa akizisikia zilitulia baada ya kuanza dawa, lakini akitumwa dukani unga, chumvi na sabuni, hurudi na chumvi peke yake, na majirani husema ni uvivu au kiburi. Hata kwenye dirisha la dawa la kliniki moja nilimsikia mhudumu akimkaripia mbele za watu kwa kushindwa kurudia maelekezo matatu aliyopewa kwa mkupuo.

Kilichopungua hapo ni uwezo wa kushika jambo akilini kwa sekunde chache huku ukilifanyia kazi, yaani kumbukumbu tendaji, ambayo hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Mwaka 1986 Daniel Weinberger na wenzake nchini Marekani walipima mtiririko wa damu katika ubongo wa wagonjwa wasiotumia dawa, huku wagonjwa hao wakipanga karata kwa kanuni iliyobadilishwa bila wao kuambiwa, wakaona kwamba damu haikuongezeka katika eneo hilo kama ilivyoongezeka kwa watu wenye afya. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba sehemu hiyo imelala tu.

Yaliyofuata, kwa maoni yangu, yana uzito zaidi. Mwaka 1999 Dara Manoach na wenzake, wakitumia mashine ya MRI inayoonyesha ubongo ukiwa kazini, waliwapa wagonjwa tarakimu chache za kukumbuka, wakakuta sehemu hiyo hiyo, hasa upande wa kushoto, ikifanya kazi kuliko ya watu wenye afya, ingawa wagonjwa walikosea zaidi. Watafiti wengi huyaoanisha matokeo hayo kwa kusema kwamba mzigo ukiwa mdogo ubongo wa mgonjwa hujitutumua kupita kiasi, na ukizidi huelemewa na kuuachia. Mtu anayejitutumua hivyo tunawezaje kumwita mvivu?

Picha hizo huonyesha wastani wa makundi, kwa hiyo familia isishawishike kulipia MRI ikitarajia kuambiwa kama mtoto wao ana skizofrenia au hana. Nazo dawa nyingi zinazotumika, ambazo hufanya kazi kwenye vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za chembe za ubongo zinazopokea ujumbe wa kemikali hiyo, hutuliza sauti na dhana potofu, lakini kumbukumbu hii huisaidia kidogo sana.

Ninachowaomba wahudumu wa kliniki ni kutoa maelekezo ya dawa moja baada ya jingine, kuyaandika kwenye karatasi, na kumwita ndugu aliyemsindikiza mgonjwa asikilize. Nyumbani tumeacha kumtuma mdogo wangu kwa mdomo. Mama humwandikia, naye hurudi na vyote vitatu, na chenji kamili.

Msomaji wenu,
Tanga