Risala ya Klabu ya Habari ya Skuli kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa wetu. Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe kwa kuitika mwito wetu.

Mheshimiwa, klabu yetu ina gazeti la ukutani. Muhula huu tumeandika maisha ya mwandishi wa habari wa Kimarekani, J. C. Furnas, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1905 na kufariki 2001. Aliandika mengi, lakini kilichomvumisha ni makala moja fupi ya Agosti 1935 katika jarida la Reader's Digest. Wakati huo magari yalikuwa yakiua maelfu ya Wamarekani kila mwaka, na hesabu hizo watu wameshazizoea. Furnas akaeleza ajali yenyewe: usukani unavyomvunja dereva mbavu, kioo kinavyomchana abiria, na vilio vya mtu aliyebanwa garini. Makala ilichapwa tena na tena, na wako mahakimu waliowalazimisha madereva wakosaji kuisoma.

Darasani tulibishana sana. Wenzetu wengine walisema hofu anayoipata mtu kwa kusoma makala haifiki kilima cha pili, dereva keshasahau. Wana haki kwa kiasi fulani. Mkanda wa garini tunaoujua leo, wa kupita begani na kiunoni, ulibuniwa 1959 na mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, na kampuni yake ikawaachia wengine wautumie. Mkanda ule umeokoa watu ambao hawajawahi kusoma makala yoyote. Sisi tunaona mwandishi afike mpaka hapo: aseme kilichovunjika, ili mwenye uwezo akitengeneze.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua walio na miaka 5 hadi 29. Hao ndio sisi tuliokaa kwenye majamvi haya.

Njia yetu ya Chake–Wete unaijua, Mheshimiwa, kona na vilima. Msimu wa karafuu majamvi hutandazwa ukingoni mwa lami, na mtoto wa skuli hana budi kuyazunguka kwa kuingia katikati. Hapo ndipo honda inapoteremka kilima na abiria wawili nyuma, kofia ngumu imetundikwa kwenye usukani. Hatusemi karafuu zisianikwe. Daftari na sare za wengi wetu zimetoka humo. Tunaomba wazee wetu wauachie mguu wa mtoto nafasi.

Kwako, Mheshimiwa, tunaomba kivuko kichorwe mbele ya lango letu na matuta yawekwe pande zote mbili, na asubuhi apatikane askari wa kutuvusha. Ombi letu kubwa, hata hivyo, ni la kihabari. Polisi wanapotoa taarifa ya ajali, isiishie kwenye "mwendo kasi". Tuambiwe ni kona gani, ilikuwa na alama au haina, na aliyeumia alivaa kofia au hakuvaa.

Gazeti letu limebandikwa nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu. Tunaomba ulipitie kabla hujaondoka, na penye kosa utwambie hapo hapo.

Wabillahi tawfiq. Ahsante.