Hali ya ukingo wa Meru itangazwe kila siku

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie usalama wa wapandaji wa Mlima Meru, hasa kwenye ukingo wa kreta kati ya Rhino Point na kilele. Wengi huulizia mvua tu. Ni kweli, masika ya Machi hadi Mei huloanisha miamba na ukungu hufunika njia. Lakini hata Juni hadi Agosti, kiangazi hicho kinachosifiwa, baridi ya usiku hugandisha unyevu juu ya mwamba ukawa utando mwembamba wa barafu, mgumu kuuona kwa tochi. Makundi yanayoondoka Saddle Hut, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, saa saba usiku huukanyaga gizani. Wakati wa kushuka jua limeshauyeyusha, na jivu la volkano huserereka chini ya kiatu kama mahindi yaliyomwagika sakafuni.

Napendekeza askari wa hifadhi wanaoshuka waandike hali ya ukingo ubaoni, kwenye kibanda cha chini cha Miriakamba na kwenye lango la hifadhi la Momella: barafu, upepo, ukungu, na saa waliyopita. Ubao na chaki si gharama. Siku ya barafu, safari ianze saa kumi na moja alfajiri ili Rhino Point pavukwe kumepambazuka, hata kama mgeni atakosa picha ya jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro.

Msomaji,
Arusha