Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: namba za wafanyakazi wa kigeni

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: MAJINA NA TAREHE KWENYE USAJILI WA WAFANYAKAZI WA KIGENI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wahasibu wa mishahara na maofisa rasilimali watu. Mkoa wako una wageni wengi kazini: kwenye reli ya kisasa, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko, vyuoni na hospitalini. Tunakuandikia wewe kwa sababu ofisi zinazowasajili unaweza kuziita meza moja, na makosa tunayoyaeleza hapa hayahitaji sheria mpya. Yanatosha kurekebishwa kwa maelekezo ya ukurasa mmoja kwa makarani.

Utaratibu ni ngazi, na ukiruka kipandio utarudishwa chini. Kwanza mwajiri anaomba kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, akiambatisha mkataba, wasifu, vyeti na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Watanzania. Kisha Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi. Mgeni akiwa na pasipoti na kibali hicho anakwenda NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kupigwa picha, kuchukuliwa alama za vidole na kuweka saini. Hufuata TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya TRA (mamlaka ya mapato), halafu uanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao wanahitaji vibali, ingawa wapo wanaodhani wamesamehewa.

Kwenye vibali viwili vya mwanzo kuna mtego wa herufi. Kibali cha kazi kina madaraja yanayoanzia A, na kibali cha ukaazi nacho kina madaraja yake yanayoanzia A, lakini maana zake ni tofauti. Mwajiriwa hupewa ukaazi wa daraja B. Kibali chake cha kazi kinaweza kuwa B, kama taaluma yake imo kwenye orodha maalumu ya sheria, au C kama haimo. Kwa hiyo mtu mwenye C kwenye kazi na B kwenye ukaazi hana kosa lolote. Karani asiyejua hili humrudisha, na mgeni hupoteza siku nzima akitafuta marekebisho ya karatasi iliyo sahihi.

Sasa tarehe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 katika mafungu manne, na zile 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Chukua Mmarekani aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1985. Kwao mwezi hutangulia, hivyo kwenye fomu ataandika 03/04/1985. Karani wetu atasoma tarehe 3 Aprili. Namba yake ilitakiwa ianze na 19850304, sasa itaanza na 19850403. Hapo kosa halipo tena kwenye fomu, limeingia ndani ya namba yenyewe, na kila ofisi itakayoisoma baadaye italirithi.

Dawa yake imo ndani ya pasipoti. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 44. Mstari wa pili una tarehe ya kuzaliwa kwa tarakimu 6, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Mtu wetu ataonekana 850304, na hapo hakuna cha kubishania. Karani anakili kutoka hapo, si kutoka kwenye fomu iliyojazwa kwa mkono, halafu amsomee mwombaji kwa sauti, akitaja mwezi kwa jina lake, kabla ya kuhifadhi.

Majina ndiyo yanayotunyima usingizi. Fomu zetu zinataka jina la kwanza, la kati na la mwisho. Mchina hutaja ukoo kwanza. Baadhi ya watu wa kusini mwa India, na Waindonesia wengi, wana jina moja tu kwenye pasipoti. Kwa mtu wa jina moja, ofisi ya kwanza huweka nukta, ya pili hurudia jina lilelile, ya tatu huomba jina la baba. Mtu mmoja anakuwa na maandishi matatu. Mshahara unakwama benki, michango ya NSSF inatua kwenye jina ambalo siku ya kudai mafao halitafanana na pasipoti. Mstari wa kwanza wa mashine unamaliza ubishi: ukoo hutangulia, zinafuata alama mbili za <<, kisha majina mengine. Ofisi zote zikinakili mstari huo huo, majina yatalingana.

TIN nayo ina lake. Haiuzwi, ni bure, na mwajiriwa anahitaji TIN isiyo ya biashara. Mgeni akiangukia kwa kishoka, yaani dalali asiye rasmi, hulipa, na wakati mwingine husajiliwa kama mfanyabiashara, akaanza kudaiwa ritani (taarifa za kodi) za biashara asiyokuwa nayo. Wengine huomba TIN ya pili wakibadili mwajiri au pasipoti. Kibali cha kazi kimefungwa kwa mwajiri, lakini TIN ni ya mtu, haibadiliki.

Haya yote yanaangukia kwenye malipo ya mishahara. Kodi ya mshahara inatakiwa iwe imefika TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, TIN ya mwajiriwa iwe imetoka au haijatoka. Mwajiriwa asiye mkaazi kikodi hukatwa asilimia 15. Aliye mkaazi, kwa mfano aliyekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, huingia kwenye viwango vya kawaida vinavyofika asilimia 30. Kuwa na kibali cha ukaazi si sawa na kuwa mkaazi kikodi, na wapo waajiri wanaochanganya haya mawili wakamkata mtu pungufu miezi kadhaa, deni likawarudia wao.

Mheshimiwa, tunaomba mambo mawili. Waelekeze wasimamizi wa ofisi hizi wakubaliane kunakili majina na tarehe kutoka mistari ya mashine ya pasipoti, na waweke kanuni moja kwa mwenye jina moja. Pili, siku moja kila mwezi makarani wa ofisi hizo wakae pamoja Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ili tofauti ya majina irekebishwe papo hapo mbele ya mwenyewe akiwa na pasipoti mkononi.

Rasimu ya ukurasa wa maelekezo tunayo. Tutaileta ofisini kwako siku utakayotupangia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wahasibu wa mishahara na maofisa rasilimali watu,
Dodoma