Siku 30 hazikungoji: barua kwa wanangu wa viwandani

Wanangu wa zamu ya mchana na zamu ya usiku,

Marahaba. Kila asubuhi mnaniamkia mkipita kibarazani kwangu kuelekea barabara ya Nyerere, nami huitikia tu na kuwaacha mkimbilie kengele. Juzi Alhamisi mmoja wenu hakupita. Alikuja saa nne, saa ambayo angetakiwa awe kwenye mashine, akaketi mkekani, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya mistari mitatu: kampuni haihitaji tena huduma yake. Wiki moja kabla ya barua hiyo supavaiza alimwuliza mbele ya wenzake, "Hilo tumbo lina miezi mingapi?"

Nilimwuliza amefanya nini tangu aipokee. Akasema, "Nawasubiri, mama. Wameniambia nitulie, wataniita."

Barua ile ilikuwa na siku 19.

Nimemwomba ruhusa niwaandikie bila kumtaja jina, akakubali. Naandika kwa nyote kwa sababu neno "tulia, tutakuita" nimelisikia mara nyingi mno, na kuna mwaka nililisema mimi mwenyewe.

Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani kwetu. Mwaka 2009 binti wa kitengo cha kufungasha alirudishwa nyumbani akiwa na ujauzito wa miezi mitano. Alinijia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikamwambia asikimbilie serikalini, mambo ya ndani yamalizwe ndani, subira yavuta heri. Nilikwenda kwa meneja mara nne, na mara zote nne nilirudi na ahadi ya mdomo. Tulipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA inayopokea migogoro ya kazi, ilikuwa siku ya 52 tangu aachishwe. Mwisho ulikuwa siku ya 30. Tukaomba kuongezewa muda, tukaulizwa sababu ya kuchelewa, na sababu yetu ilikuwa kwamba tulikuwa tunaongea na bosi. Haikutosha. Sheria ilisomwa kama ilivyoandikwa, na wala sikuona pa kuilaumu. Hakuna aliyefikia hata kuuliza kama binti yule alibaguliwa. Shauri liliishia mlangoni, na aliyelifikisha mlangoni likiwa limechelewa ni mimi. Mtoto aliyekuwa tumboni siku ile sasa ni kijana wa sekondari. Akiniamkia naitikia, kisha nainamisha uso.

Kwa hiyo shikeni hesabu hii kabla ya kitu kingine chochote. Ukiachishwa kazi, una siku 30 za kufikisha mgogoro wako CMA, tangu siku uliyoachishwa. Kama kulikuwa na rufaa rasmi ndani ya kampuni, zinahesabiwa tangu uamuzi wa mwisho wa kukuachisha ulipotolewa. Ukiwa bado kazini lakini unabaguliwa, kwa mfano umenyimwa cheo, umepunjwa mshahara, umehamishwa kwa hila, au unatukanwa kwa kabila lako, una siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zimo ndani ya hesabu. Ahadi ya meneja haisimamishi siku hata moja. Ongea na meneja ukitaka, lakini fomu iwe imeshapokelewa Tume. Shauri lililofunguliwa mnaweza kulimaliza kwa mapatano wakati wowote, ila lililopitwa na muda halifunguki kirahisi.

Sasa ubaguzi wenyewe. Wengi wenu mnaniambia "nimeonewa", nami huwauliza, umeonewa kwa sababu gani? Bosi anayemfokea kila mtu ni bosi mbaya, lakini huyo hajabagua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imetaja sababu zenyewe: rangi, utaifa, kabila au mahali ulikotoka, asili yako katika jamii, maoni ya kisiasa, dini, jinsia, ujauzito, kuwa na ndoa au kutokuwa nayo, majukumu ya familia, ulemavu, virusi vya UKIMWI, umri, hali ya maisha. Unyanyasaji kwa sababu mojawapo ya hizo nao huhesabiwa kuwa ubaguzi, na rushwa ya ngono imo humo, msidhani hilo ni jambo la aibu lisilo na mahali pa kusemewa.

Lisomeni vizuri lile la majukumu ya familia. Nimewaona mama wangapi wakinyimwa zamu za malipo mazuri kwa kuambiwa "wewe una watoto wadogo, hutaweza", na hakuna aliyewauliza kama wanaweza? Na nyinyi mnaorudi kutoka uzazi, likizo yenu ya siku 84, au 100 kwa mapacha, hamkupewa kwa huruma ya mtu. Ukirudi ukakuta nafasi yako ameshawekwa mwingine na wewe umepelekwa kufagia, andika tarehe hiyo hiyo.

Anayelazimishwa kupima virusi ili apewe kazi au abaki kazini, ajue kwamba sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza. Aliyeumia mashineni ana njia mbili, na watu huzichanganya: fidia ya kuumia inadaiwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kukataliwa kurudi kazini kwa sababu sasa una vidole vitatu kunapelekwa CMA. Hata aliyeomba kazi akakataliwa kwa kabila lake au dini yake analindwa, kwa kuwa sheria inamhesabu mwombaji kazi pamoja na mfanyakazi. Lakini msiende na kila kitu. Mwajiri akichagua mtu kwa sifa ambazo kazi yenyewe inazihitaji kweli, hapo hapana ubaguzi, na kwenda kulalamika kwa hilo ni kujipotezea nguvu.

Mnaniambia pia, "Mama, nitathibitisha vipi? Wao wana mawakili." Hapa sheria imewabeba kuliko mnavyofikiri. Ukishaonyesha mambo yanayomfanya mtu, akiyatazama tu, aone kwamba ulibaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndiye athibitishe kwamba haikuwa hivyo. Na katika kuachishwa kazi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Wewe kazi yako ni kuleta mwanzo ulionyooka, na mwanzo huo unatengenezwa siku ile ile jambo linapotokea.

Nunua daftari la shule. Andika tarehe, saa, mahali, nani alisema, nani walikuwa karibu, na uyaandike maneno kama yalivyotamkwa. "Alinitukana" haisaidii. "Alisema, nyie watu wa bara hamjui usafi" inasaidia. Piga picha orodha ya zamu kabla haijabanduliwa ukutani. Ujumbe wa simu usiufute hata kama unakuumiza kuusoma, na mtumie ndugu nakala, maana simu huibiwa. Aliye kibarua asiye na mkataba wa maandishi asijione hana haki: kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na asipoyaleta yeye ndiye hubanwa kuthibitisha. Malipo yaliyoingia kwenye simu yako kila Jumamosi, kitambulisho cha getini, sare yenye nembo, vyote hivyo vinaonyesha ulikuwa wapi.

Kisha fomu namba moja, CMA F.1. Haina malipo. Mtu akikudai hela ya fomu mlangoni, ondoka umtafute afisa ndani. Ina sehemu ambayo ni ya walioachishwa kazi peke yao, Sehemu B. Aliyeachishwa asipoijaza anajidhuru, na aliye bado kazini akiijaza anajichanganyia madai, na nimeona mashauri yakiyumba kwa sababu ya hilo tu. Kuna mahali panapouliza unataka nini. Msiandike "haki yangu". Andika: kurudishwa kazini, au fidia, mshahara wa siku nilizofanya, malipo ya likizo, cheti cha utumishi. Usichokiandika humo utapata shida kukidai baadaye, maana utashikiliwa kwa ulichoomba.

Tia sahihi, toa nakala, mpelekee mwajiri nakala yake na umwombe asaini kwamba amepokea. Akikataa, nenda posta uitume kwa rejista na utunze stakabadhi kama unavyotunza cheti cha mtoto. Ukiwa na uthibitisho huo ndipo unafungua Tume. Mkishaitwa, mnaanza kwa usuluhishi. Sheria imeupa siku 30, na mliyoyasema humo ni ya siri. Msuluhishi hatoi hukumu, anawatafutia mahali pa kukutana. Msipokutana, unaomba uamuzi, na hapo ndipo ushahidi husikilizwa. Unaweza kwenda na mtu wa chama cha wafanyakazi, wakili, au mwakilishi wako mwenyewe. Usikose tarehe. Mlalamikaji asipotokea shauri linaweza kufutwa, na nauli si sababu ya kukosa. Njooni mniambie, tutachanga.

Kwenye usuluhishi kuna mtego mmoja. Mtu amekaa miezi miwili bila mshahara, anawekewa karatasi na laki mbili mezani. Ukitia sahihi mapatano, yanakubana wewe kama yanavyombana mwajiri. Omba muda, toka nje, mpigie mtu unayemwamini, mwambie akusomee kila mstari. Hali kadhalika ile barua wanayokuandikishia ofisini, "naacha kazi kwa hiari yangu". Ipo njia ya kudai kwamba ulisukumwa mpaka ukaacha, na sheria inaitambua, lakini ni njia ndefu yenye miiba. Bora kutokuiandika.

Walioajiriwa serikalini wana taratibu zao za kupitia kwanza Tume ya Utumishi wa Umma, na Zanzibar ina sheria zake za kazi. Kama una ndugu huko usimpe hesabu zangu hizi, aulize kwao.

Nimeyaacha mwisho yale yanayonisumbua zaidi, nayo nawaambia mlio salama leo. Mwaka ule wa 2009 wanawake kumi na wanne walikuwa kwenye meza ile ya kufungasha na walisikia maneno aliyoambiwa binti yule. Nilipita kwao mmoja mmoja. Mmoja alisema alikuwa chooni. Mwingine alisema masikio yake ni mazito. Sikuwakasirikia, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kodi ya chumba na ada za watoto. Lakini mkumbuke kwamba kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria hakukubaliki kisheria, na kusema ukweli mbele ya Tume ni kutumia haki hiyo. Siwaambii hakuna hatari. Wapo wanaokununia, wanaokubadilishia zamu, wanaokutafutia kosa. Nikiwaambia hayapo nitakuwa nawadanganya, nanyi mtaacha kuniamini. Ninachowaomba ni kwamba msimwache mmoja wenu akaenda peke yake, kwa maana mmoja husukumwa kwa urahisi. Mkienda watatu mnaosema maneno yale yale ya siku ile ile, hata wakili wa kampuni atafunga faili lake na kuomba mapumziko ya kuongea na mteja wake. Nimeliona hilo kwa macho yangu, zaidi ya mara moja.

Jana usiku tulikaa na mwenzenu tukajaza fomu kwa penseli, kisha tukaipitia kwa kalamu. Sehemu B tumeijaza. Tumeandika kwamba anataka kurudi kazini, kwa sababu anaipenda kazi yake na ana ujuzi nayo kuliko huyo supavaiza. Jumatatu itakuwa siku ya 23. Saa moja asubuhi tutakuwa kituoni, kwanza tuende getini kwa mwajiri na nakala, kisha Tume.

Swali lile la tumbo liliulizwa mbele ya watu wa mashine mbili. Anawajua mliokuwepo. Hajaniambia majina yenu na mimi sitamwuliza. Leo na kesho mlango wangu utakuwa wazi mpaka saa nne usiku, na chai ipo.

Mama yenu,
aliyekuwa katibu wa tawi
Vingunguti, Dar es Salaam