Anayeanza piano ashike kwanza namba za vidole

Mhariri,

Matangazo ya kumfundisha mtu piano kwa siku saba yamezidi. Wengi wanaoyafuata hutoka na mwanzo wa wimbo mmoja tu. Wakifika katikati vidole vinagongana, nao hujiona hawana kipaji. Sisi tunaofundisha ala hii tunaomba nafasi tueleze kwamba mara nyingi kinachowakwamisha ni namba za vidole, ambazo video fupi huziruka.

Kidole gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, cha mwisho 5, mikono yote miwili. Chukua skeli ya C, yaani ngazi ya sauti ya vibonye vyeupe vinane kutoka C hadi C. (C ni kibonye cheupe kilicho kushoto tu mwa kila jozi ya vyeusi viwili; vyeupe vinavyofuata kuelekea kulia ni D, E, F, G, A, B, kisha C tena.) Vidole ni vitano, hivyo lazima mkono uhame. Wa kulia ukipanda huenda 1-2-3, gumba linapita chini ya kiganja na kushika F, kisha 2-3-4-5. Wa kushoto ukipanda huenda 5-4-3-2-1, kidole cha 3 kinapita juu ya gumba na kushika A, kisha 2 na 1. Mikono haihami mahali pamoja, na ndiyo maana anayekimbilia kuiunganisha siku ya kwanza huanguka papo hapo. Kila mkono ujue njia yake peke yake kwanza.

Kosa linalosikika zaidi liko kwenye F ya mkono wa kulia. Mwanafunzi husubiri kidole cha 3 kimalize, ndipo anapolirusha gumba pamoja na kiwiko, na noti hiyo inatoka kwa kishindo. Gumba lianze kusogea mara tu kidole cha 2 kinapobonyeza, ili zamu yake ikifika likute tayari liko juu ya F. Hili haliwezekani kiganja kikiwa kimelala chini ya usawa wa vibonye, kwa hiyo rekebisha kiti kabla ya kulaumu vidole: kaa nusu ya mbele, miguu ikanyage sakafu, kiwiko kiwe sawa na vibonye au juu kidogo.

Namba ukishazichagua, usizibadilishe. Ukishika E kwa kidole cha 3 leo na cha 2 kesho, mkono unajifunza njia mbili na wimbo ukichangamka haujui ufuate ipi. Andika namba kwa penseli pale tu mkono unapohama. Ukiandika juu ya kila noti, utasoma namba na noti hutazijua kamwe. Vibandiko vya herufi juu ya vibonye vina hasara hiyohiyo.

Mwendo nao una adabu yake. Weka metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 60 kwa dakika, noti moja kila pigo. Ukipita mara tatu mfululizo bila kosa, panda hadi 64. Ukikosea, rudi kwenye mwendo uliotoka. Siku ya kuunganisha mikono, shuka tena hadi karibu nusu ya mwendo uliozoea. Na ukikosea katikati ya wimbo, tafadhali usirudi mwanzo! Utaung'arisha mwanzo, na pale palipokushinda patabaki vilevile. Chukua bari (kipande cha muziki kati ya mistari miwili ya wima) lenye tatizo, anzia bari moja nyuma yake, vuka hadi noti ya kwanza ya bari linalofuata, ukirudia hapo hapo.

Kuhusu ala, piano kamili ina vibonye 88, lakini kinanda cha 61 kinatosha kwa miezi ya mwanzo iwapo sauti yake hupanda na kushuka kulingana na nguvu ya kidole. Kwenye piano, ukibonyeza kwa kasi zaidi nyundo huupiga uzi kwa kasi zaidi na sauti inakuwa kubwa. Kinanda kisichojali hilo kitakuzoesha mkono mzito.

Pedali ya kulia, ile ya mguu inayoacha sauti ziendelee kulia, isubiri hadi mikono iungane. Wakati huo mguu uinuke noti mpya zinapolia na ushuke mara baada yake. Ukiuacha chini muda wote, noti za zamani huchanganyika na mpya, na makosa yote ya vidole tuliyoyataja hapa yanajificha ndani ya mvumo huo.

Walimu wa piano